Ngoma Iliyonyamazishwa: Jina la Seyyid Said katika Kinjeketile

Katika tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969 na inayohusu Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, lipo tamko moja ambalo mtunzi alikusudia liwe mgeuko mkuu wa kisa, yaani mahali ambapo mwelekeo wa mambo hubadilika ghafla na mhusika kutambua jambo asilolijua, lakini ambalo kwa hakika liliikata ngoma katikati na kuuondoa mgogoro wa mchezo mahali ulipostahili kukaa. Tamko hilo ni lile la mganga Kinjeketile, akiwa bado amepandisha pepo, kwamba watu wakishamshinda Mjerumani watakuwa wana wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar. Hata hivyo, sifa za tamthilia hii ni nyingi na zinajulikana: ufunguzi wa wanawake wawili wanaozungumza juu ya njaa na mashamba ya pamba unatosha peke yake kumweka Hussein mbele ya watunzi wa kizazi chake, na mwisho wake, ambapo mganga anakataa kuyakana, mbele ya adui, maji ya dawa aliyowapa watu ili yawakinge na risasi, haujapata mshindani katika jukwaa la Kiswahili.

Mchezo huu haufai kuhukumiwa kama mazungumzo matupu, kwa kuwa sehemu yake ya kati imejengwa juu ya ngoma, nyimbo na kupandisha, yaani hali ya mtu kuingiwa na pepo na kusema kwa ulimi usio wake. Katika sanaa ya namna hiyo kazi hugawanywa baina ya manju, ambaye ndiye kiongozi wa wimbo, sogora, ambaye ndiye fundi wa ngoma, na umati wa waitikiaji, na habari yoyote kubwa hupata uzito pale inapopita mikononi mwa wote watatu. Hadhira ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, yenye watu wengi ambao asili yao ni Rufiji, Kilwa na milima ya Matumbi, haihitaji kufundishwa kanuni hiyo, kwa sababu imeiishi katika ngoma za unyago na za mashetani kabla ya kuingia ukumbi wowote.

Tazama sasa jinsi tukio lenyewe lilivyopangwa. Kinjeketile amevutwa majini na Hongo, pepo wa mto, watu wamekata tamaa, kisha ametoka siku ya pili akiwa mkavu, na kwa ishara hiyo moja mtunzi amewaaminisha watazamaji bila hotuba. Maji yametolewa, makabila yameanza kujiona kuwa ni watu wamoja, na sauti imepanda hadi kilele. Hapo ndipo jina la Seyyid Said linapotajwa, na mara Kinjeketile anagutuka, analirudia kwa mshangao, anahisi kwamba amehadaiwa na aliyemtuma, na pepo anamtoka. Umati hauelewi kilichotokea. Maana yake inakuja kufafanuliwa baadaye, faraghani, katika mazungumzo ya Kinjeketile na mwenzake Kitunda, hivi kwamba jambo lililozaliwa ndani ya ngoma linapelekwa kumalizikia katika majadiliano ya watu wawili waliokaa.

Kosa la kwanza ni la ufundi: mgeuko umewekwa kinywani mwa mtu mmoja, waitikiaji wakanyimwa. Kosa la pili ni zito zaidi. Swali ambalo kila mtazamaji analo tangu maji yalipotolewa ni kama maji yatazuia risasi, na shaka ya Kinjeketile ilipaswa kuzaliwa hapo, kutokana na uzito wa kuwapeleka watu mbele ya bunduki kwa ahadi isiyopimwa. Hussein anampa shaka ya aina nyingine kabisa, inayohusu nani atatawala baada ya ushindi, na kwa kufanya hivyo anampunguzia mhusika wake dhamana, kwa kuwa sasa lawama inaweza kumwendea Hongo na Sultani aliye mbali. Baadaye, Kinjeketile anapowasihi wapiganaji wasubiri, ombi lake halina mzizi ambao wao, au hata sehemu ya hadhira, wamewahi kuuona.

Isitoshe, jina lenyewe linavuta fikra za mtazamaji nje ya Ngarambe, kijiji cha Kinjeketile. Seyyid Said alifariki mwaka 1856, karibu miaka hamsini kabla ya Vita vya Majimaji, na mwanawe Majid ndiye aliyeanza kuijenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Mwaka 1969, miaka mitano tu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, hapakuwa na mtu kati ya Mnazi Mmoja na Mtaa wa Msimbazi aliyeweza kulisikia jina hilo bila kumfikiria Jamshid, Sultani wa mwisho, akiondoka kwa meli. Mchezo unaohitaji mtazamaji abaki mtoni ukampeleka visiwani.

Watetezi wa Hussein husema kwamba ukimya wa umati ni kinaya, yaani hali ambapo hadhira inajua lile ambalo wahusika hawalijui. Hoja hiyo ingesimama kama hadhira ingekuwa imelijua jambo kwa njia ya ngoma yenyewe, lakini kinaya kinachosubiri kufasiriwa katika onyesho linalofuata kimekwisha kupoa.

Walio na shaka warudi kwa Fumo Liongo, shujaa wa masimulizi ya pwani, ambaye kisa chake, katika utenzi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913 na katika masimulizi yaliyoutangulia, kinabaki kuwa kipimo. Liongo akiwa kifungoni anatuma ujumbe kwa mama yake kwa wimbo, mama anaficha tupa ndani ya mkate, kisha mfungwa anaomba ngoma ya gungu ipigwe na kuwafundisha watu nyimbo, na wakati matari na vigoma vinavuma yeye anakata pingu bila mlio wa tupa kusikika. Mgeuko hauisimamishi ngoma hata kidogo, kwa maana ngoma ikinyamaza Liongo hatoki. Huo ndio ufundi, na watunzi wa leo wanaodhani kwamba kumfufua marehemu au kumleta pacha asiyejulikana kunatosha kuitwa mgeuko, kama ilivyozoeleka katika filamu zilizouzwa kwa wingi barabarani Kariakoo, wangefaidika kukaa na utenzi huo kwa muda mrefu.

Maonyesho mengi ya shule yamelizidisha kosa la Hussein kwa kuipeleka ngoma nyuma ya pazia au kuibadilisha kwa sauti iliyorekodiwa, na wakati huohuo kumsimamisha Kinjeketile mbele ya jukwaa atamke jina kama anayesoma tangazo. Vikundi vya sanaa za jukwaani vya Muungano na TOT, ambavyo wasomi waliviona kuwa ni vya burudani tupu, visingelifanya kosa hilo, kwa sababu hadhira za kumbi za Magomeni na Kinondoni zilidai kuingizwa katika wimbo.

Uamuzi wa kumweka Kinjeketile hai hadi baada ya kushindwa, ilhali Wajerumani walimnyonga huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, majuma kadhaa kabla ya shambulio la wapiganaji huko Mahenge, ni uhuru halali wa mtunzi, ambaye mwenyewe ameeleza kuwa mhusika wake si yule wa historia. Ila katika hili la Seyyid Said historia ilikuwa na ufundi zaidi kuliko tamthilia. Jina hilo halikubuniwa na Hussein. Limo katika masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na Gilbert Gwassa na kuchapishwa mwaka 1968 kwa uhariri wake na John Iliffe, na humo linatokea katika likinda, mazoezi ya siri ya vita yaliyoendeshwa kwa swali na jibu, ambapo kundi zima ndilo lililojitangaza kuwa ni la Seyyid Said. Mwongozaji atakayelihamisha jina kutoka kwa mganga na kulitia katika kiitikio, sogora akiendelea kupiga na Kinjeketile akilisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa watu aliowanywesha maji kwa mkono wake, hatalazimika kuandika onyesho jipya, na mazungumzo ya faragha na Kitunda yanaweza kufutwa karibu yote.