Pete Moja ya Ziada

Saa moja kasoro asubuhi, ukungu wa Mufindi ukiwa bado umeyalalia mashamba ya chai, mzee na mjukuu wake walitokeza wakisukuma toroli. "Kamwene," akanisalimu. Nikaitikia, kisha nikaongeza shikamoo, maana kwa mtu wa umri wake salamu moja naiona chache. Toroli ilibeba rola mbili za seng'enge, mtaimbo, beleshi, nyundo mbili, msumeno, plaizi ndefu, kopo la maziwa ya unga lililojaa misumari ya U, kamba ya nailoni, na kiroba cha mchele kilichokunjwa na kufungwa kwa mpira wa baiskeli. Kiroba hicho kilikuwa na uzito usiolingana na udogo wake. Kijana alikibeba kwa mikono miwili akakiweka chini ya mti, mahali pakavu. Hakikufunguliwa hadi siku ya tatu.

Nilikuwa nimemwita kwa aibu. Mwaka uliotangulia niliujenga ua huo mwenyewe, mita 140 kando ya kijito, ili ng'ombe wasiingie kwenye kabichi. Waya niliukaza kwa pikapu. Nikaufunga nyuma ya gari, nikakanyaga mafuta taratibu, nikiamini kwamba kukaza ni kuvuta tu. Ukakatika. Ncha yake ilirudi kwa kasi ikanichana mkono kuanzia kiwiko hadi karibu na kiganja, na kovu ninalo hadi leo. Nyaya zilizosalimika zilidumu miezi miwili, kisha nguzo ya kona ikaanza kuinama kama mtu anayetafuta shilingi aliyoidondosha. Kabichi zikaliwa.

Mzee aliisogelea nguzo hiyo, akaitikisa kwa vidole viwili. Ikacheza kama jino bovu.

"Waya hauna kosa," akasema. "Ua wako umefia hapa."

Kwa hiyo siku nzima ya kwanza hakugusa waya. Alichimba. Shimo la nguzo ya kona lilishuka sentimita 90, kuta zake zimesimama wima, mdomo wake haukuzidi kitako chake. Mimi nilikuwa nimechimba mashimo yenye umbo la sufuria, mapana juu na membamba chini, kwa sababu ndivyo beleshi linavyotaka likiachiwa. Yeye alilegeza udongo kwa mtaimbo, akautoa kwa kopo, akipiga goti kila mara kuingiza mkono hadi begani. Nguzo zilikuwa za mikaratusi, zilizotiwa dawa huko Mafinga, na bado zilikuwa na ule ukijani uliofifia. Alichagua nene kuliko zote, akaisimamisha upande mnene ukiwa chini.

Kisha akaanza kurudisha udongo, na hapo ndipo nilipovuta kigoda nikakaa. Alitia udongo wa kina cha kiganja, akaushindilia kwa kitako cha mtaimbo akiizunguka nguzo, pigo kando ya pigo, mpaka sauti ikabadilika. Mapigo ya kwanza yalilia kama mtu anayepiga mto. Ya mwisho yalilia kama hatua kwenye sakafu. Ndipo alipotia kiganja kingine. Ilimchukua karibu saa nzima kwa nguzo moja, na alipomaliza nikaona jambo ambalo sikulitegemea: udongo wote uliotoka shimoni ulikuwa umerudi ndani yake, na nguzo nayo imo. Kwangu mimi kilibaki kichuguu kizima.

Nguzo moja, hata ikishindiliwa namna hiyo, haiwezi peke yake kuhimili nyaya nne zinazoivuta mchana na usiku. Akasimamisha nyingine mita mbili kutoka ya kwanza, kwenye mstari wa ua. Kati ya vichwa vyake akapitisha boriti ya kulala, akaichongea kila nguzo kishimo cha kuipokea ncha yake, ikaingia kwa kugongwa mara tatu. Umbo likawa kama lango lisilo na mlango. Halafu akachukua waya laini, usio na miba, akauzungusha mara mbili mshazari, kutoka juu ya nguzo ya ndani hadi chini kabisa ya nguzo ya kona. Katikati ya nyuzi hizo akachomeka kijiti cha mti mgumu akaanza kukizungusha. Waya ukajisokota, ukafupika, na mbao zikatoa mlio mdogo.

Nilihitaji muda kuelewa hesabu yake. Ua unaivuta nguzo ya kona kuelekea ndani. Boriti inaupokea msukumo huo na kuupeleka kwenye kichwa cha nguzo ya ndani, ambayo nayo ingeegemea, isipokuwa kichwa chake kimefungwa kwa ule waya wa mshazari kwenye mguu wa nguzo ya kona, chini, mahali ambapo ardhi imeshika. Kadiri ua unavyovuta, ndivyo vitatu hivyo vinavyozidi kushikana. Hakuna zege wala chuma cha kuchomelea. Mzee alikiegemeza kijiti kwenye boriti kisirudi nyuma, akakiacha hapohapo, kwa ajili ya siku waya ukilegea.

Siku ya pili ilikuwa ya nguzo za kati, na sitaisimulia sana. Kamba ilivutwa kutoka kona hadi kona, nguzo zikasimama kila baada ya mita tatu, basi. Palipomchelewesha ni pale ardhi inapobonyea karibu na kijito. Waya uliokazwa hutaka kunyooka, akanieleza, na ukipita juu ya bonde dogo huwa unaing'oa nguzo ya bondeni kidogo kidogo, kila siku, mpaka inaning'inia hewani. Akazika jiwe kubwa kando ya nguzo hiyo, limefungwa waya laini shingoni, akaifunga nguzo kwenye jiwe. Juu ya ardhi hakikuonekana chochote. Nilimlipa kwa kazi ambayo mgeni yeyote akipita hataiona kamwe.

Siku ya tatu, rola ya seng'enge ilipachikwa kwenye mtaimbo, babu akashika ncha moja na mjukuu nyingine, wakatembea. Rola ikazunguka ikiachia waya nyuma yao. Ukiichomoa seng'enge ubavuni mwa rola bila kuizungusha, kila duara linageuka kuwa kifundo, na kila kifundo ni mahali ambapo waya utakatika baadaye. Seng'enge yenyewe ni nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, na msokoto huo una kazi zaidi ya nguvu. Joseph Glidden, mkulima wa Illinois aliyepewa hataza ya seng'enge yake mwaka 1874, alikuwa na tatizo la miba iliyoteleza kwenye waya mmoja na kukusanyika sehemu moja. Akausokotea uzi wa pili juu yake, miba ikabanwa mahali pake. Nimeishi na seng'enge maisha yangu yote na sikuwahi kujiuliza miba inashikwa na nini.

Ndipo kiroba kikafunguliwa.

Ndani kulikuwa na mnyororo wa kama mita moja na nusu, mpini wa chuma, na taya. Chombo hicho wengine hukiita streina, wengine winchi ya waya. Mzee hukiita kikazio, na nami naona jina hilo linatosha. Chake hakina tena chapa inayosomeka, ila ukoo wa vyombo hivi una kwao kunakojulikana. Katika kijiji cha Oturehua, kusini mwa New Zealand, Ernest Hayes alianza karakana mwaka 1895, na mkewe Hannah akazunguka mashambani kwa baiskeli kutafuta wanunuzi. Mwaka 1924 karakana hiyo ilitoa kikazio chenye taya laini zinazobana sambamba. Ulaini huo ndio ulikuwa ufundi wenyewe. Taya yenye meno inashika vizuri, lakini inautia waya jeraha, na waya uliojeruhiwa hukatikia palepale.

Alifuta mnyororo kwa kitambaa, akatia tone la oili kwenye kila kiungio. Mnyororo akauzungusha kwenye nguzo ya kona. Taya akaifunga kwenye waya, mahali pasipo na mwiba. Taya hiyo haina skrubu. Imeundwa hivi kwamba kadiri waya unavyovuta, ndivyo inavyozidi kubana. Kisha akashika mpini. Chini yake kuna kucha mbili zinazopokezana. Mpini ukienda mbele, ukucha mmoja unadaka pete ya mnyororo na kuivuta, huku mwingine ukishikilia zile zilizokwisha kuvutwa. Ukirudi, zinabadilishana zamu. Klak. Klak. Kila mlio ni pete moja, na kila pete ni upana wa vidole viwili hivi vya waya.

Mwanzoni mkono ulikwenda wepesi, kwa sababu alikuwa akivuta ulegevu tu. Waya ukanyanyuka kutoka kwenye majani, ukidondosha umande. Baada ya pete ishirini na kitu akaacha. Mimi ningeendelea. Yeye akapiga mluzi, na kijana, aliyekuwa katikati ya mstari, akaanza kutembea akiutikisa waya kwenye kila nguzo. Seng'enge huwa inanasa njiani. Kwenye kikazio utahisi umekaza, kumbe upande wa pili bado umelala. Ulipotikiswa, mvuto ukasambaa, na mnyororo uliokuwa mgumu ukalegea mbele ya macho yangu. Klak, klak, tena. Mluzi. Kijana akarudi.

Wakati wote huo mzee alisimama upande wa pili wa nguzo, mbao ikiwa kati ya mwili wake na waya, glavu za ngozi mikononi. Hakuna aliyeruhusiwa kusimama kwenye mstari. Nilijishika kovu bila kukusudia. Aliona, akanyamaza.

Sasa kila pete ilikuwa na uzito wake. Aliacha mpini, akaugonga waya kwa kishikio cha plaizi, akainamisha kichwa kusikiliza. Ulitoa mvumo mzito. Pete moja. Akagonga. Mvumo ukapanda kidogo, ukakaa hewani muda mrefu zaidi. Akasimama, akatazama jua, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kwanza akanieleza bila kuulizwa. Chuma kinarefuka kwa joto. Kwa urefu kama huu, tofauti ya nyuzi 15 kati ya mchana na alfajiri ya Mufindi ni kama sentimita mbili na nusu. Ukikaza mchana mpaka waya ulie kama zeze, usiku wa baridi utajikaza wenyewe zaidi ya hapo, na kitu kitasalimu amri, ama kifundo ama nguzo.

"Sasa umetosha?" nikauliza.

"Umetosha. Naongeza moja."

Nikadhani amejipinga. Akavuta pete moja ya ziada, akagonga misumari ya U miwili kwenye nguzo ya kona, akakata waya akiacha mkia wa urefu wa mkono, akauzungusha kwenye nguzo na kuurudisha juu yake wenyewe, misokoto sita, iliyobanana bila nafasi. Halafu akaanza kukiachia kikazio, pete kwa pete kama alivyovuta. Mzigo ulipohama kutoka kwenye mnyororo kwenda kwenye kifundo, kifundo kikajikaza, waya ukarudi nyuma kidogo. Akaugonga. Mvumo ulikuwa uleule wa kabla ya ile pete moja.

Alianza na waya wa chini, jambo lililonishangaza. "Wa juu ukitangulia," akasema, "hizo nyingine utazikaza kichwa kikiwa chini ya miba." Kila waya ulipita upande wa ng'ombe, ili ng'ombe akiegemea ausukume kwenye nguzo, asiisukume misumari itoke. Misumari nayo aliipigilia ikiwa imegeuzwa kidogo, miguu yake miwili isiangukie ufa mmoja wa mbao, na kwenye nguzo za kati hakuizamisha hadi mwisho. Aliacha nafasi ya waya kuteleza. Waya uliopigiliwa ukaganda hufa kipande kwa kipande, lakini unaoteleza hugawana pigo la ng'ombe mmoja mita zote 140. Nyaya tatu alifunga yeye. Wa tatu kutoka chini, upande wa kijito, alimwachia mjukuu, akasimama mbali.

Kesho yake hawakuwa na kazi kwangu, lakini saa moja kasoro nikawaona tena ndani ya ukungu, bila toroli, kiroba tu. Majani yalikuwa meupe kwa baridi. Mzee alipita akigonga, waya wa chini, wa pili, na kila mmoja ukaitika juu kidogo kuliko jana. Wa tatu ulitoa sauti ya kopo. Akaenda hadi upande wa kijito, akakitazama kifundo. Misokoto ilikuwa minne, na ilikuwa imeteleza.

Hakusema kitu. Alifungua kiroba, akazungusha mnyororo, akavuta mpaka kifundo kikabaki bila mzigo, kisha akamkabidhi kijana plaizi na kugeuka kuwatazama ng'ombe. Alisimama hivyo, mgongo wake ukiwa kwa mjukuu, mikono nyuma. Nyuma yake plaizi ililia juu ya chuma mara moja, mara mbili, taratibu. Ilipolia mara ya sita, akageuka.