Mimba katika Fasihi ya Kiswahili: Kosa au Safari ya Mwili?

Zipo methali mbili ambazo wanafunzi wetu hujifunza mapema, lakini ni mara chache tunazifundisha pamoja. Ya kwanza ni "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea." Ya pili ni "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Ya kwanza inaupita uzazi haraka kana kwamba ni jambo jepesi. Ya pili inakiri kwamba yapo maumivu ambayo hayajui ila aliyeyapitia. Kwa maoni yetu, vitabu vingi tunavyosomesha vimeifuata ile ya kwanza.

Tuchukue mifano inayojulikana. Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Humo mna dini, adabu na kumtunza mume. Miezi tisa ya kubeba mtoto si mada yake. Tamthilia ya Penina Muhando, Hatia (1972), inahusu msichana aliyepata mimba nje ya ndoa, na jina lake tu linatuambia swali linaloulizwa: nani mkosaji? Katika Rosa Mistika (1971), Euphrase Kezilahabi alithubutu kuandika juu ya utoaji mimba, hata riwaya ikapigwa marufuku shuleni kwa muda. Hata hivyo, darasani mimba za Rosa husomwa hasa kama ushahidi wa malezi ya baba yake, Zakaria.

Je, mwili wenyewe uko wapi? Kichefuchefu cha asubuhi, kiungulia, miguu kuvimba, mtoto anapocheza tumboni kwa mara ya kwanza, hofu ya kufa utungu unaposhika, machozi yasiyo na sababu siku chache baada ya kujifungua: hayo ni nadra kupewa hata ukurasa mmoja.

Si kwamba lugha haina maneno. Wakunga na makungwi wanayo tele. Kiswahili kina "utungu", neno la maumivu ya uzazi, ingawa siku hizi wengi husema "uchungu" tu. Kina "kujifungua", kitenzi kinachomfanya mama kuwa mtendaji: ni yeye anayejifungua. Wanafunzi wetu wa Rwanda wataona mara moja kwamba Kinyarwanda nacho kina "ibise" kwa utungu, na "kwibaruka" kwa heshima mahali pa "kubyara". Vitenzi vyote viwili, kwibaruka na kujifungua, vina kirejeshi. Hilo ni somo zuri la sarufi linganishi, na pia somo la utu.

Lakini tuangalie pia jinsi maneno yanavyogawanywa. Mke wa mtu ni "mjamzito". Msichana wa shule "amepata mimba" au, vibaya zaidi, "ametiwa mimba". Tumbo ni lile lile, utungu ni ule ule, ila heshima imepunguzwa. Mgawanyo huu si wa kamusi tu. Nchini Tanzania msichana wa namna hiyo alikuwa akifukuzwa shule, na ni mwezi wa Novemba 2021 tu serikali iliporuhusu waliojifungua warudi katika shule zake.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni siri ya wanawake na kwamba staha inataka yafichwe. Tunaiheshimu staha. Hata hivyo, fasihi isiyoona haya kueleza jinsi mimba ilivyopatikana haiwezi kudai staha inapofika zamu ya kueleza jinsi ilivyobebwa.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa walimu wenzetu: mnapofundisha Hatia au Rosa Mistika, msiishie kwenye swali la nani mkosaji. Waulizeni wanafunzi huyu dada alikuwa akisikia nini mwilini na moyoni, kisha wawaombe mama zao na nyanya zao wawasimulie, waandike kwa Kiswahili. Huenda mwandishi tunayemngoja ameketi katika madarasa yetu.