Sikiliza Kilicho Chini ya Sauti

Wengi wakitaka kuupima ubora wa opereta hukimbilia wimbo uliowaganda kichwani. Mimi huanzia kwingine: husikiliza okestra inafanya nini mwimbaji anapovuta pumzi. Hapo hujulikana kama mtunzi aliwahi kusimama mbele ya wapigaji na waimbaji usiku baada ya usiku, au aliandikia mezani tu.

Kipimo changu ni mtunzi Franz von Suppé. Alizaliwa mwaka 1819 huko Spalato, mji wa pwani ya Dalmatia ambao leo huitwa Split, akafariki Vienna mwaka 1895. Mwaka 1840 Franz Pokorny, mkurugenzi wa Theater in der Josefstadt, alimpa nafasi ya kuongoza okestra, mwanzoni bila mshahara, ila kwa ruhusa ya kuonyesha kazi zake mwenyewe. Akahamia Theater an der Wien, 1845 hadi 1862, na baadaye Carltheater, alikodumu mpaka 1882. Maonyesho aliyoyatungia muziki yanapita mia moja. Tena alikuwa mwimbaji: mwaka 1842, huko Sopron, aliimba nafasi ya Dulcamara, yule tabibu laghai katika opera ya Donizetti. Mtu wa namna hii anajua kwa kifua chake mwenyewe pumzi huishia wapi.

Basi chukua opereta yake Boccaccio ya mwaka 1879. Mwimbaji anapofika mwisho wa mstari, kiongozi hodari humngoja bila mapigo kufa; unahisi muziki ungali unatembea ingawa mguu haujagusa chini. Kiongozi dhaifu ama humburuta mwimbaji, ama husimama kabisa, na wimbo hukatika vipande. Pima pia maneno. Opereta ina mazungumzo na mizaha, kwa hiyo fidla zikiyafunika maneno, onyesho limeharibika, hata zikipigwa kwa utamu wa namna gani.

Utangulizi wa okestra wa Dichter und Bauer, wa mwaka 1846, ni mtihani mkali zaidi. Baada ya ala za shaba kufungua kwa upole, selo hubaki ikiimba na kinubi kikiisindikiza. Wapigaji wengi huumwagia asali mstari huu mpaka ukalemewa. Selo nzuri huimba kama mtu: hupanda, hutua, huvuta pumzi. Kinubi nacho kisihesabu kama saa ya ukutani, kiitikie. Kisha dhoruba huja. Kiongozi asiitangaze mapema kwa kupunguza mwendo; ikitushtua, amefaulu.

Halafu inakuja walsi. Vienna wana desturi ya kuliwahisha kidogo pigo la pili, na uwahi huo haupimwi kwa saa, hupimwa kwa mwili. Ukizidishwa, mchezaji angejikwaa. Ukikosekana, walsi inabaki hesabu ya moja, mbili, tatu.

Utangulizi wa Leichte Kavallerie, wa mwaka 1866, unajulikana kwa mbio zake za farasi, na kwa sababu hiyo hupigwa vibaya mara nyingi. Kasi peke yake haina thamani. Noti fupi zote ziwe sawa na nyepesi, kwato ziguse ardhi bila kuichimba. Lakini mimi humhukumu kiongozi kwa sehemu ya huzuni iliyo katikati. Akiipita kama mtu anayepita ukumbini kuelekea mlangoni, hajaielewa kazi. Huzuni ile ina uzito wake, na bila uzito huo mbio zinaporudi hazina cha kushinda.

Watu husema Suppé alijifunza wepesi kutoka Paris, na ni kweli kwamba Das Pensionat ya mwaka 1860, inayohesabiwa kuwa opereta ya kwanza ya Vienna, ilifuata mafanikio ya Offenbach, mtunzi wa Paris, huko huko Vienna. Kwa sikio langu, uimbaji wenyewe ni wa Kiitalia, ni wa pwani alikozaliwa.

Ukipata nafasi, sikiliza Requiem aliyoitunga mwaka 1855 kwa kumkumbuka Pokorny, bwana yule aliyempa kazi ya kwanza Vienna. Kisha, siku hiyo hiyo, rudia Leichte Kavallerie. Ile sehemu ya katikati haitakuwa tena mapumziko ya farasi.