Soma Pindo la Kanga, Kisha Tazama Macho

Ukiingia duka la kamera Kariakoo, jambo la kwanza utakaloambiwa ni megapikseli. "Hii ina 24, bosi, ile pale 32." Mwache amalize, kisha toa kanga kwenye mfuko. Mimi nimewahi kuulizwa kama nimekuja kununua au kuuza, lakini sijapata kipimo kingine cha bei ya kanga kinachosema kweli kuhusu kamera ya nyumbani.

Megapikseli tuzimalize haraka. Picha ya sentimita 10 kwa 15, ile tunayosafisha na kuitia kwenye albamu, inatosheka na megapikseli 2 na kidogo. Ya kutundika ukutani, 20 kwa 30, inataka kama 9. Karibu kila kamera utakayoonyeshwa inazo. Shida ni kwamba familia haipigwi picha juani tu. Inapigwa sebuleni saa mbili usiku, taa moja, mtoto hatulii, bibi kaegemea ukuta mweupe. Kamera ya nyumbani hupimwa kwa sebule hiyo.

Lenzi kabla ya kamera

Tundika kanga ukutani, simama sawasawa mbele yake, ijaze fremu nzima, piga. Kisha ikuze picha kwenye kioo cha nyuma. Usiishie kwenye mji. Hapo katikati hata lenzi mbovu hufaulu. Nenda kwenye pindo, pembe zote nne. Mistari ikiwa imetota kama wino ulioingia maji, au imezungukwa na ukingo wa zambarau, lenzi hiyo ni dhaifu. Pembe moja ikififia kuliko wenzake, shuku kwamba iliwahi kuanguka.

Baada ya hapo soma namba zilizoandikwa mbele. Lenzi nyingi zinazouzwa pamoja na kamera ni 18–55mm, f/3.5–5.6. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa. Lenzi ya 50mm yenye f/1.8 huingiza mwanga takriban mara kumi ya ile ya kwanza ikivutwa mpaka mwisho. Usiku, hiyo ndiyo tofauti ya picha safi na picha ya chenga. Fedha zikiwa haba, bora kamera ya mtumba yenye lenzi nzuri kuliko kamera mpya yenye lenzi ya kukamilisha boksi. Kamera kubwa huwa na sensa ya takriban milimita 23 kwa 15, na kwenye simu nyingi upande mrefu wa sensa haufiki 10. Lakini sensa hiyo kubwa haikufai kitu ikiwa mwanga unaishia mlangoni.

Lenzi ya mtumba imulike kwa tochi ya simu kutokea nyuma. Vumbi dogo si neno. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, ni kuvu, na sisi wa Tanga, Unguja na Mombasa tunalijua joto na unyevu unavyolilea. Irudishe hata ukipunguziwa nusu ya bei.

Uso ndio mtihani

Sasa mwombe muuzaji aje kwako akitembea, upige picha kumi mfululizo. Hesabu ni ngapi zimeshika macho. Saba au nane, kamera inajua kazi. Zikishika vifungo vya shati badala ya macho, ndivyo itakavyomfanyia mwanao akikukimbilia.

Kisha msimamishe mbele ya ukuta mweupe. Kipima mwanga cha kamera hudhani kila kilicho mbele yake kina mng'ao wa wastani. Kikiona weupe mwingi hupunguza mwanga, na uso mweusi ukazama. Tatizo hili lina historia: kwa miaka mingi maabara za filamu zilirekebisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zikiitwa kadi za Shirley. Ongeza mwanga hatua moja kwenye kitufe cha +/−, upige tena, na utazame kwa karibu: mng'ao wa paji la uso, mfupa wa shavu, mpaka wa nywele na kivuli cha shingo. Vyote vionekane kila kimoja mahali pake. Ngozi ikitoka rangi ya majivu, au nyekundu kama imepakwa kitu, rudisha kamera mezani.

Video na sauti

Video yangu ya sendofu ya dada ina michirizi inayopanda ukutani mwanzo hadi mwisho. Nililaumu taa, kumbe kosa langu. Umeme wetu ni hezi 50, na taa humetameta mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Kamera ilikuwa imewekwa NTSC, fremu 30, mpango wa Marekani na Japani. Weka PAL, fremu 25, kasi ya shata 1/50, na michirizi itakwisha. Kabla ya kulipa, fungua menyu uhakikishe kwamba PAL ipo, na pia Kiingereza: baadhi ya kamera zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina Kijapani tu.

Uliza pia kama inaacha kurekodi baada ya dakika 29 na sekunde 59, maana za zamani nyingi hufanya hivyo, na hotuba za wajomba huchukua zaidi. Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Chukua kadi yenye alama ya V30.

Mwisho, mwombe muuzaji awashe feni, asimame hatua tatu, aseme jina lake. Sikiliza kwa spika za masikioni. Ukisikia feni kuliko jina, hakikisha kuna tundu la maikrofoni la milimita 3.5, na maikrofoni uiweke kwenye bajeti. Sauti ya bibi akimwita mjukuu hairekodiwi mara mbili.

Kunja kanga yako, sasa mzungumze bei.