Lugha na Uhuru wa Haiti: Uhakiki wa The Black Jacobins

Kitabu cha C.L.R. James, The Black Jacobins, kilitolewa London mwaka 1938, wakati sehemu kubwa ya Afrika ingali chini ya Wazungu. Chasimulia jinsi watumwa wa koloni la Saint-Domingue walivyoinuka mwaka 1791, wakayashinda majeshi ya Ufaransa, na tarehe 1 Januari 1804 wakatangaza taifa la Haiti. Fadhila yake kubwa ni kuwa watumwa hao hawaonyeshwi wakipewa uhuru, bali wakiutwaa.

Nguzo ya masimulizi ni Toussaint Louverture, lakini James hamfichi kasoro. Ashikilia kwamba shujaa huyo aliponzwa na kutowaeleza watu wake nia ya matendo yake. Aliwabembeleza wenye mashamba Weupe, akaamuru Moïse, aliyemwita mpwa wake, auawe mwaka 1801, na umma ukabaki gizani. Mwaka 1802 alikamatwa. Mwaka uliofuata akafa gerezani Ufaransa.

Hoja hii ni nzito, ila mwandishi haipi lugha uzito inaostahili katika hoja hiyo. Umma huo ulisema Kikrioli, na wengi walikuwa wazaliwa wa Afrika wenye lugha zao. Wafaransa walilitambua jambo hili. Tangazo la Sonthonax la kufuta utumwa mwaka 1793 lilitolewa kwa Kikrioli pia, na Bonaparte aliitumia lugha hiyo hiyo alipotuma jeshi kuwatiisha. Lakini Tangazo la Uhuru la 1804, lililoandikwa na Boisrond-Tonnerre, lilikuwa la Kifaransa. Mtawala alipotaka kusikika alisema lugha ya watu. Waliomfukuza waliandika lugha yake. Kikrioli kilingoja katiba ya 1987 ndipo kikawa lugha rasmi sawa na Kifaransa.

Kwetu pia suala hili lilichelewa. Kenya ilijitawala mwaka 1963, na ni katiba ya 2010 iliyokitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nchi pamoja na Kiingereza.

Kwa hiyo hatuna budi kukisoma kitabu hiki pamoja na pengo lake. James atufunza kwamba kiongozi asiyewaeleza watu wake huwapoteza. Yatupasa tuongeze kwamba maelezo yasiyo katika lugha yao si maelezo.