Mama Mdogo na Jeraha la Mtoto

Mwaka 2023 Hayao Miyazaki, mtunzi mashuhuri wa filamu za katuni wa Japani aliyezaliwa mwaka 1941, alitoa filamu ambayo jina lake la Kijapani ni swali: mtaishije? Nchi nyingine huiita Mvulana na Korongo. Mwaka 2024 ilipewa tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni. Wako watakaosema kwamba katuni ni mambo ya watoto. Sisi twaona kwamba yeyote ambaye kazi yake ni kuzika, na kisha kuwatembelea waliobaki, ana la kujifunza humo.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Mahito anampoteza mama yake katika moto wa hospitali jijini Tokyo. Baba yake anamwoa Natsuko, mdogo wake marehemu, na kuhamia kijijini. Kwa desturi ya lugha yetu Natsuko ni mama mdogo tangu siku ya kwanza. Mahito, hata hivyo, humtaja tu kuwa mtu ambaye baba yake anampenda. Ana adabu, lakini moyo ameufunga. Baada ya kupigana na wenzake wa shule, anajipiga kichwani kwa jiwe, damu nyingi inatoka, na kwa baba yake hasemi ukweli.

Natsuko, aliye mjamzito, anapopotelea msituni, Mahito anamfuata hadi ulimwengu mwingine. Anamkuta katika chumba cha kujifungulia, naye Natsuko anampigia kelele kwamba anamchukia. Papo hapo, kwa mara ya kwanza, Mahito anamwita mama. Hapa ndipo penye moyo wa filamu. Jina ambalo adabu haikuweza kulitoa linatoka pale maumivu ya wote wawili yanapokuwa wazi.

Tendo la pili linafuata njia iyo hiyo. Mzee wa ukoo anampa Mahito mawe yasiyo na uovu, ili ajenge ulimwengu safi. Mahito anakataa, akionyesha kovu lake: jeraha hili, asema, ni alama ya uovu wake mwenyewe. Anachagua kurudi kwenye ulimwengu wenye vita na makaburi.

Filamu ina kasoro. Sehemu yake ya pili imejaa kasuku, mwari na milango mingi mno, hata mtazamaji hupoteza njia. Na baba anabaki mtu wa juu juu. Wala haihubiri ufufuo, na tusiilazimishe kufanya hivyo. Mama anayekutwa humo akiwa msichana hamfuati mwanawe nyumbani. Anarudi katika wakati wake, akijua kwamba moto unamngoja, naye anafurahi kwamba atamzaa.

Mara ngapi tumesimama mbele ya yatima, udongo wa kaburi ungali mbichi, tukamwambia: usilie, huyu sasa ndiye mama yako? Neno hilo ni la kweli kwa ukoo, lakini si lazima liwe la kweli bado kwa mtoto. Miyazaki anatukumbusha kwamba mtoto hulifikia kwa miguu yake mwenyewe. Kazi ya mchungaji ni kutembea naye, bila kumharakisha, na kumwachia nafasi ya kulionyesha jeraha lake.