Lahaja ya Mlembe

Desemba 2023 jarida la Science lilichapisha makala ya Claire Spottiswoode na Brian Wood kuhusu mlembe, ndege mdogo asiye na urembo wowote, anayewaongoza watu hadi kwenye mti wenye nyuki. Mimi nasoma shahada ya uzamili ya isimu, sina ujuzi wa zoolojia, kwa hiyo niliisoma kama ninavyosoma utafiti wowote wa lahaja. Sasa naamini hiyo ndiyo njia nzuri zaidi ya kuisoma.

Makubaliano yao ni ya kale. Mlembe anajua nyuki walipo ila hana shoka wala moshi. Hupiga kelele za harakaharaka, huruka mti hadi mti, nawe humfuata. Wewe unachukua asali, yeye anakula nta na majana. Mwaka 2016 Spottiswoode, pamoja na Keith na Colleen Begg, walionyesha kwamba mtu naye husikilizwa. Huko Niassa, ng'ambo ya Ruvuma, warina asali wa Kiyao humwita ndege kwa kutetemesha ulimi na kumalizia kwa mguno mfupi. Wito huo ulipopigwa, uwezekano wa kuongozwa ulipanda kutoka asilimia 33 hadi 66, na wa kuonyeshwa nyuki kutoka asilimia 16 hadi 54.

Makala ya 2023 inakwenda mbali zaidi. Wahadza wa vilima vya Kidero, karibu na Ziwa Eyasi, hawagumi. Wao hupiga mluzi wenye lahani. Watafiti wakabadilishana sauti: mluzi wa Kihadza ukapelekwa Niassa, mguno wa Kiyao ukapelekwa Kidero. Ndege wa Kidero waliitikia mluzi wa kwao zaidi ya mara tatu kuliko wito wa wageni. Wa Niassa waliitikia wito wa Kiyao karibu mara mbili kuliko mluzi. Na kumbuka kwamba mlembe halelewi na wazazi wake. Yai hutagwa kwenye kiota cha ndege mwingine, keremkerem kwa mfano, na kinda huanza maisha kwa kuwaua wenye nyumba. Hakuna mama wa kumfundisha mluzi, ila bado anajifunza usemi wa watu wa mahali alipo.

Lahaja kwa ndege si jambo geni. Yupo kipozamataza ambaye dume lake hupiga mabawa angani kwa mapigo maalumu. Majirani hupiga mapigo yanayofanana, na ukisogea mbali mapigo yanabadilika. Yupo pia ndege wa msituni mwenye domo pana, anayeruka kimduara huku manyoya ya mabawa yake yakitoa mlio kama honi. Lakini hao wanasemezana wenyewe kwa wenyewe. Mlembe amejifunza lahaja ya kiumbe mwingine kabisa, na mtu wa Kilwa, aliyekulia kati ya Kimgao, Kimatumbi na Kiswahili cha darasani, hahitaji kuelezwa kwa nini hilo linasisimua.

Mahali ninapotofautiana na wasifiaji ni kwenye neno "urafiki", ambalo vyombo vya habari vimelipenda mno. Utafiti wa mwaka 2014, ambao Wood mwenyewe alishiriki, ulieleza kwamba Wahadza mara nyingi huficha, huzika au huchoma masega yaliyobaki ili ndege abaki na njaa na aendelee kuongoza. Wayao humwekea nta yake. Tofauti hii ya malipo ingefaa kukaa katikati ya hoja ya 2023, kwa sababu wito ni ahadi, na ahadi inapimwa wakati wa kulipa. Makala imeelemea ahadi. (Nta yenyewe, tusisahau, ilikuwa bidhaa ya kusafirishwa nje enzi za Wajerumani. Ujira wa ndege uliondoka na meli.)

Dosari nyingine ni ya ramani. Kati ya Kidero na Niassa kuna takriban kilomita 1,000, na utafiti unaruka zote. Ndani ya pengo hilo wapo Wangindo wa Liwale na bara ya Kilwa, ambao A.R.W. Crosse-Upcott aliandika makala nzima juu ya ufugaji wao wa nyuki mwaka 1956. Wanaisimu tunajua kwamba ukilinganisha ncha mbili tu za eneo, kila kitu kitaonekana kama mpaka mkali. Ukipita kijiji kwa kijiji, huenda ukakuta mluzi ukigeuka mguno polepole, au ukikatika ghafla kwenye mto kama Rufiji. Kinasa sauti cha tatu kilipaswa kuwekwa hapa katikati.

Na kiwekwe mapema. Babu yangu mzaa mama, huku bara ya Kilwa, ana mizinga sita ya mbao pembezoni mwa shamba la ufuta. Tangu aipate hajamfuata ndege. Mlembe bado huja asubuhi, hukaa juu ya mpingo, hupiga kelele zake zote. Babu humtazama kidogo, kisha anaendelea kupalilia.